Akiba ya Nyumbani: Kuni, Maji na Takataka

Katika kila nyumba kuna vitu viingiavyo kila siku na vitu vitokavyo kila siku. Kuni huingia, moshi na majivu hutoka. Maji huingia safi, hutoka machafu. Chakula huingia kikapuni, na maganda yake hutupwa nje. Watu wengi huhesabu fedha peke yake, wala hawahesabu vitu hivi vingine, kwa kuwa kuni zaokotwa bure na maji yachotwa mtoni bure. Lakini kitu kisichonunuliwa kwa fedha hununuliwa kwa nguvu za mwili na kwa saa za mchana, na mara nyingi mlipaji ni mama wa nyumba na binti zake. Miti ya karibu ikiisha, bei hiyo hupanda. Mwendo wa nusu saa huwa mwendo wa saa mbili, na mtoto ambaye angekuwa darasani huonekana njiani na mzigo mgongoni.

Somo letu la leo, ndugu msomaji, ni juu ya namna ya kuitunza akiba hiyo. Mambo tutakayoyaeleza si mageni wala si ya gharama kubwa. Mengine yaweza kuanzwa jioni ya leo bila kutoa hata senti moja. Tutaanza na moto, kisha maji, kisha takataka, na mwisho miti yenyewe.

1. MOTO WA JIKONI

Moto wa mafiga matatu ni moto wa asili, nao una faida zake: wachukua chungu cha kila ukubwa, watoa mwanga, na wazee huuota wakati wa baridi. Lakini upepo ukipita kati ya mafiga, joto jingi huchukuliwa kando na wala halifiki chini ya chungu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuukinga moto na upepo, hata kama ni kwa ukuta mdogo wa udongo uliojengwa pande tatu.

Jambo la pili ni kukausha kuni. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, moto hutumia nguvu zake kwanza kuyafukuza maji hayo, ndipo uanze kupika. Ndiyo sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Pasua kuni ziwe nyembamba, zipange chini ya paa mahali papitapo hewa, uziache msimu mzima wa jua. Mwenye fungu la kuni kavu atatumia kuni chache kuliko jirani yake, na macho yake hayatawasha.

Jambo la tatu ni kufahamu tabia ya maji yachemkayo. Wapishi wengi hudhani kwamba sufuria ikichemka kwa kishindo chakula huiva upesi zaidi. Sivyo. Maji yakisha kuchemka hayazidi kuwa moto, hata ukiongeza kuni kumi. Pwani huchemka kwa digrii 100. Katika Nairobi, kwa sababu ya kimo cha nchi, huchemka kwa digrii 94 hivi. Moto wa ziada huyageuza maji kuwa mvuke tu, na mvuke hauliwi. Basi sufuria ikianza kuchemka, ondoa baadhi ya kuni, uifunike vizuri, uache itokote polepole. Kuni hizo ulizoziondoa ni chai ya kesho asubuhi.

Jambo la nne ni kuloweka maharagwe na mahindi makavu usiku kucha. Punje iliyokunywa maji huiva kwa muda mfupi zaidi. Asubuhi mwaga maji yale ya kulowekea, utie maji mengine.

2. KIKAPU KIPIKACHO BILA MOTO

Huko Uingereza, wakati wa vita vikuu viwili, watu walipokosa makaa ya mawe walifundishwa kupika kwa sanduku lililojazwa nyasi kavu. Katika Kenya akina mama wengi wamekwisha kujifunza kazi hiyo hiyo kwa kutumia kikapu. Maana yake ni rahisi: chakula kilichokwisha kuchemka kina joto la kutosha kumalizia kuiva, mradi joto lisipate njia ya kutoka.

Hutengenezwa hivi. Chukua kikapu kikubwa kinachozidi sufuria yako pande zote kwa upana wa kiganja. Jaza ndani majani makavu ya migomba, au nguo kuukuu, au manyoya ya kondoo, ukiyashindilia chini na kandokando. Tandika kitambaa juu yake. Kisha shona mto mnene wa kufunika juu. Kazi imekwisha.

Upikapo maharagwe yaliyolowekwa, yachemshe kwa nguvu kwa muda wa dakika 30 hivi, sufuria ikiwa na kifuniko. Usipunguze sehemu hii, kwa kuwa maharagwe mekundu yana sumu ambayo haiishi ila kwa kuchemka barabara. Kisha, bila kufunua, iweke sufuria ndani ya kikapu, uifunike kwa mto, uende shambani. Baada ya saa 4 au zaidi utakuta maharagwe yamelainika. Wali huhitaji kuchemka kidogo tu na kukaa ndani kama saa moja. Kabla ya kula maharagwe au nyama, rudisha sufuria motoni ichemke tena, wala usiache chakula kilale humo mpaka kipoe, kwani chakula vuguvugu huharibika upesi.

Faida si kuni tu. Mama aliyeacha sufuria kikapuni hana haja ya kukaa akichochea moto. Chakula hakiungui, na mtoto mdogo aliyebaki nyumbani hana moto wa kumwunguza.

3. JIKO LILILO BORA

Katika mwaka 1981 mkutano mkubwa wa Umoja wa Mataifa juu ya nguvu mpya za moto, jua na upepo ulifanyika Nairobi. Katika miaka iliyofuata mafundi na wataalamu wa Kenya, kwa kutazama mfano wa jiko la Thailand, walitengeneza jiko la makaa lenye umbo la kiuno: nje ni bati, ndani ni kikombe cha udongo uliochomwa. Udongo huo hulizuia joto lisipite kwenda pembeni. Jiko hilo laweza kuokoa kadiri ya theluthi moja ya makaa yanayotumiwa na jiko la bati tupu, na likitumiwa kwa uangalifu laweza kukaribia nusu. Mafundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji, Nairobi, ndio waliolifikisha katika nyumba nyingi, wala halikuhitaji kiwanda kikubwa.

Kwa watumiao kuni, yako majiko ya namna hiyo pia. Katika miaka ya 1980 chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952, kilisaidia kueneza kikombe cha udongo kinachojengewa ndani ya tope jikoni. Jiko hilo likazoeleka kwa jina la chama chenyewe.

Je, gharama yake yarudi? Fanya hesabu mwenyewe. Nyumba itumiayo mikebe 3 ya makaa kila siku, ikiokoa theluthi moja, huokoa mkebe 1 kwa siku, yaani mikebe 30 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya mkebe mahali pako, kisha ulinganishe na bei ya jiko. Lakini chunguza kabla ya kununua: gonga kikombe cha udongo kwa kidole. Kikilia kama chungu kizima, ni kizuri. Kikilia kama kitu kilichopasuka, kiache. Usimwagie maji jiko lililo moto, litapasuka.

Yafaa pia tukumbuke makaa yatokako. Katika tanuri ya udongo ya kawaida, kilo 10 za mti mkavu hutoa kilo 1 au 2 tu za makaa. Zilizobaki huenda na moshi huko porini. Mkaaji wa mji haoni mti ukianguka, maana yeye huona gunia tu. Lakini kila mkebe anaouokoa Mathare au Kisumu ni kuni nyingi zilizobaki zimesimama mahali pengine. Aliye na uwezo wa kutumia gesi au umeme, naye atumie, kwa kuwa jikoni mwake hamtakuwa na moshi.

4. MOSHI NA HEWA YA SUMU

Moshi wa jikoni si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya nyumbani, wengi wao wakiwa wamepikia kuni, makaa, samadi au mafuta ya taa. Watoto hupata ugonjwa wa mapafu, na watu wazima hupata ugonjwa wa moyo na wa kifua. Kwa hiyo jiko liwe na dirisha, na tundu karibu na paa la kutolea moshi. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni karibu na moto wa moshi.

Na makaa je, yasiyo na moshi? Hayo yana hatari yake, tena kubwa zaidi kwa kuwa haionekani. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala katika chumba kilichofungwa na jiko la makaa ndani yake aweza asiamke kabisa. Usilale kamwe na jiko la makaa chumbani, hata kama baridi ni kali, hata kama makaa yaonekana yamekufa.

5. MAJI YA PAANI

Mwenye paa la mabati ana kisima juu ya kichwa chake. Hesabu yake ni nyepesi na yafaa kila mwanafunzi aijue: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Tuseme nyumba ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Paa lake lafunika mita 40 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya alasiri moja tu, italeta lita 400. Toa sehemu moja katika tano kwa yale yarukayo na yavujayo, zitabaki lita 320, yaani mitungi 16 ya lita 20.

Sasa tazama mwaka mzima. Mahali panapopata milimita 800 za mvua kwa mwaka, paa hilo hilo laweza kutoa lita 25,600 baada ya kutoa hasara. Hiyo ni mitungi 1,280. Na mtungi mmoja uliojaa una uzito wa kilo 20. Ni kweli kwamba mwenye pipa la lita 200 hataweza kuyaweka yote, na mengi yatamwagika. Hata hivyo kila pipa lijaalo ni safari 10 za mtoni zilizoondolewa juu ya kichwa cha mtu.

Mambo manne yatunzwe. Kwanza, mfereji wa bati ufuate ukingo wa paa, uinamie kidogo upande wa pipa. Pili, maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yaende zake, kwa kuwa yaosha vumbi na mavi ya ndege. Tatu, pipa lifunikwe vizuri, na tundu lake lizibwe kwa wavu mwembamba, ama sivyo mbu watazaliana humo na malaria itaingia nyumbani kwa mlango tulioufungua wenyewe. Nne, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Maji yaliyokwisha kutumika nayo yana kazi ya pili. Yaliyooshea mboga yaende bustanini. Ya kufulia yaoshe sakafu au choo, kisha yamwagwe penye migomba, wala yasimwagwe juu ya mboga zitakazoliwa mbichi.

6. TAKATAKA ZINAZOFAA

Weka vyombo vitatu nyuma ya nyumba. Katika cha kwanza tia vitu viozavyo: maganda, majani, mabaki ya mboga. Katika cha pili tia vitu vitumikavyo tena: chupa, mikebe, magunia. Katika cha tatu tia vitu vya hatari: vioo vilivyovunjika, betri kuukuu, dawa zilizoharibika. Cha tatu kisifikiwe na watoto.

Vitu viozavyo ni mali. Chini ya kivuli tandaza mabua makavu, juu yake maganda mabichi, kisha samadi kidogo, kisha udongo mwembamba na majivu machache, unyunyize maji. Rudia mpaka fungu lifike kiunoni. Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache ichomoe uiguse: ikiwa ya moto, kazi yaendelea, ikiwa baridi na kavu, ongeza maji. Geuza fungu kila baada ya majuma matatu. Kwa muda wa miezi mitatu hivi utapata mbolea nyeusi yenye harufu ya udongo wa msituni.

Aliye mjini bila shamba asivunjike moyo. Gunia moja lililojazwa udongo na mbolea, lenye mawe madogo katikati ya kupitishia maji, na matundu kando, laweza kuotesha miche mingi ya sukuma wiki mlangoni pa chumba chake.

Juu ya mifuko ya plastiki, Serikali ya Kenya iliipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake ni nzito. Kabla ya hapo mifuko ilikuwa ikiziba mifereji ya mji na kumezwa na ng'ombe na mbuzi. Kiondo cha mkonge, ambacho bibi zetu walikisuka tangu zamani, hubeba zaidi na hudumu miaka. Plastiki nyingine usiichome nyumbani, wala usiwashie moto wa jikoni, kwani moshi wake una sumu.

7. MITI YA MPAKANI

Kuokoa kuni bila kupanda miti ni kuchelewesha njaa tu. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha mwendo wa Green Belt katika mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alianza na akina mama wa mashambani waliohitaji kuni, maji na chakula. Walianza kwa vitalu vidogo vya miche. Nawe waweza kuanza kwa miti kumi kando ya mpaka wa shamba lako. Chagua miti iotayo upesi na isiyosumbua mazao, kama grivilea. Ikikua, kata matawi na kuacha shina, nayo itakupa kuni mwaka baada ya mwaka. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi wala kando ya mto, maana hunywa maji mengi.

8. MFANO WA MACHAKOS

Labda msomaji atasema, "Haya ni madogo mno, nchi imekwisha kuharibika." Basi na atazame Machakos. Katika miaka ya 1930 udongo wa huko ulikuwa ukichukuliwa na mvua, na maofisa wa serikali ya kikoloni waliandika kana kwamba hakuna tumaini. Serikali ilitumia amri. Katika mwaka 1938 ng'ombe waliuzwa kwa nguvu, na Wakamba wengi walikwenda Nairobi kwa miguu kulalamika. Kazi ya matuta iliyofanywa kwa kulazimishwa ilichukiwa.

Lakini baadaye watu wenyewe, kwa vikundi vyao vya mwethya, walichimba matuta kwa hiari, wakichagua namna ya "fanya juu", wakapanda miti waliyoitaka. Wachunguzi walipolinganisha hali ya miaka ya 1930 na ya 1990, waliona kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua na miti ya mashambani imezidi. Hayakufanywa na mtu mmoja wala kwa mwaka mmoja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

NENO KWA AKINA BABA

Mashauri kama haya mara nyingi hushindwa kwa sababu moja: mwenye kuchoka siye mwenye mfuko. Mama ndiye abebaye kuni na maji, lakini fedha za jiko, za pipa na za mfereji zimo mkononi mwa baba. Kwake baba, kuni ni bure, kwa hiyo jiko jipya laonekana kuwa anasa. Ndugu baba wa nyumba, kwa juma moja tu andika katika daftari saa ambazo watu wa nyumba yako huzitumia kwa kuni na maji. Kisha ujiulize kama mtu wa nje angekufanyia kazi hiyo kwa ujira gani. Hesabu hiyo itakushauri kuliko gazeti hili.

Usianze na yote. Juma hili funika sufuria na ukaushe kuni. Juma lijalo shona mto wa kikapu. Mwezi ujao weka pipa. Akiba haiozi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini kuongeza kuni hakuivishi upesi chakula kinachochemka?
2. Paa la nyumba yako lafunika mita ngapi za mraba? Mvua ya milimita 10 italeta mitungi mingapi?
3. Ni hatari gani iliyomo katika kulala na jiko la makaa, na mtu aijuaje ikiwa haina harufu?
4. Kwa nini watu wa Machakos walichukia matuta ya amri, na baadaye wakayachimba kwa hiari?
5. Katika nyumba yako, ni nani achukuaye kuni, na ni nani aamuaye kununua jiko?